Mtoto wa Miaka 12 Si Samaki

Kikao cha wazazi katika shule ya dini ni nadra kumalizika bila mtu kusimama na kusema, "Samaki mkunje angali mbichi." Vichwa vinaitikia, ajenda inaendelea. Shida ni kwamba mtoto wa miaka 12 ukimkunja hukunjika mbele yako tu. Sala zote anazijua. Anajua wakati wa kuinamisha kichwa, anajua jibu ambalo ustadhi au mchungaji angependa kulisikia, na analitoa bila kusita. Ukigeuka, ana maisha mengine ambayo hakuna mtu mzima hata mmoja anayeyafahamu.

Shule binafsi ya dini ina mengi mazuri: walimu wanaokubaliana kuhusu maadili, wazazi wanaofuatilia, ratiba inayotenga muda wa kunyamaza na kutafakari. Lakini ina hatari yake ya pekee, nayo ni kumzoesha kijana kuigiza wema. Karibu yote tunayoshauri hapa, kuanzia choo cha wasichana mpaka sanduku la maswali, yanalenga kumpunguzia sababu za kuigiza.

Tuanze na mwili, maana ndio unaoanza. Wasichana wengi huingia balehe kati ya miaka 8 na 13, wavulana kati ya miaka 9 na 14. Kwa hiyo katika darasa moja utamkuta msichana aliyevunja ungo mwaka jana ameketi kando ya mvulana ambaye kwake hakuna lolote lililobadilika, na kila mmoja anaamini kwamba mwenye kasoro ni yeye. Kipindi cha kurefuka kwa kasi msichana anaweza kuongeza sentimita 8 kwa mwaka, mvulana 9 au zaidi. Mikono na miguu hutangulia kiwiliwili, ndiyo sababu yule anayeangusha vikombe na kujikwaa ngazini hafanyi makusudi. Sketi iliyofika chini ya goti mwanzo wa mwaka huwa imepanda kabla mwaka haujaisha. Kumtoa msichana mstarini mbele ya shule nzima kwa ajili ya urefu wa sketi ni kumwadhibu kwa kosa la kukua. Mwite pembeni, zungumza na mzazi, mpe wiki mbili. Ikiwezekana, sketi zishonwe na upindo mpana wa sentimita 6 hivi unaoweza kuteremshwa.

Somo la hedhi na ndoto nyevu lianze wakiwa na miaka 9 au 10. Likisubiri 13, wengi watakuwa wameshafundishana wenyewe, tena vibaya. Wavulana waambiwe waziwazi kwamba ndoto nyevu si dhambi, ni mwili kufanya kazi yake. Palipo na sharti la josho, yaani kuoga ili kujitakasa, wafundishwe josho bila kuchanganyiwa na lawama. Wasichana wahitaji vitu zaidi ya somo. Chooni kwao kuwe na kisanduku chenye pedi, chupi safi mbili tatu za saizi tofauti, sabuni, mifuko isiyoonyesha kilichomo na sketi ya akiba. Pedi hubadilishwa kila baada ya saa 4 hadi 6 hivi, kwa hiyo siku ya shule inataka angalau nafasi mbili za kwenda chooni bila kuomba ruhusa kwa sauti. Kosa tunaloliona mara nyingi ni pedi kufungiwa ofisini, na ufunguo kukaa na mtu ambaye msichana hawezi kumtazama usoni. Atakaa na doa lake, sweta kiunoni, mpaka kengele ya mwisho.

Katika shule ya Kiislamu kuna jambo dogo linalosahaulika. Msichana aliye kwenye hedhi haswali, na wenzake wakienda kwenye swala anabaki peke yake darasani kama tangazo. Wapo wanaoamua kwenda kuinama na kuinuka pamoja na wengine ili wasijulikane, na hapo shule imemfundisha mtoto kuigiza ibada kwa sababu ya aibu. Dawa yake ni rahisi. Wakati huo kuwe na kazi nyingine za zamu kama kupanga vitabu vya maktaba au kuandaa viti, na kila siku wapangiwe wasichana kadhaa, walio kwenye hedhi na wasio, na wale wasio waswali mara baada ya zamu kabla wakati haujapita. Zamu isimamiwe na mwalimu wa kike, pasiwe na orodha ya sababu, na asiwepo wa kuuliza "mbona huswali?" mbele za watu.

Usingizi nao unagombana na ratiba za dini. Wataalamu wanapendekeza saa 9 hadi 12 kwa watoto wa miaka 6 hadi 12, na saa 8 hadi 10 kuanzia miaka 13. Katika balehe saa ya mwili husogea mbele, usingizi ukachelewa kuja hata taa zikizimwa mapema. Sasa piga hesabu: mtoto anayeamshwa saa 11 alfajiri, ili apate saa 9 lazima awe amelala saa 2 usiku. Ikiwa masomo ya jioni yanaisha saa 3, hesabu imekataa, na hakuna mahubiri yatakayoilazimisha ikubali. Anayesinzia katika ibada ya asubuhi mara nyingi hana tatizo la kiroho, ana deni la usingizi. Palipo na swala ya alfajiri ambayo haihamishwi, kinachohamishwa ni jioni: kazi za nyumbani zipungue, simu zilale nje ya chumba cha kulala. (Tunajua kwamba kugusa ratiba kwenye shule ya dini ni kama kugusa ukuta wa msingi. Hata hivyo, anzeni na jioni mbili kwa wiki.)

Kikundi cha malezi ndicho chombo chenye manufaa kuliko vyote, na ndicho kinachoharibiwa kwa urahisi zaidi. Mtu mzima mmoja anapewa wanafunzi 10 hadi 15, anakutana nao dakika 20, si chini ya mara tatu kwa wiki, na anabaki nao mwaka mzima. Akikaa nao miaka miwili ni bora zaidi. Kinaharibika namna mbili. Ya kwanza ni kugeuzwa muda wa matangazo na kukusanya ada za safari. Ya pili, ambayo ndiyo ya shule zetu, ni kugeuzwa kipindi kingine cha dini. Mwalimu anafungua kitabu kitakatifu dakika ya kwanza na watoto wanavaa uso wa ibada mpaka dakika ya 20. Anza na swali lisilo na jibu takatifu: "Ni saa ipi jana uliyoiona ndefu kuliko zote?" Kisha nyamaza. Ukimya wa sekunde 10 unamtesa mwalimu kuliko mwanafunzi, uvumilie.

Kabla ya kuunda vikundi, fanyeni zoezi hili chumba cha walimu. Bandikeni majina yote ya wanafunzi ukutani. Kila mfanyakazi, pamoja na dereva, mpishi na mlinzi, aweke alama mbele ya kila mtoto ambaye anajua mambo matatu kumhusu yasiyo alama za mtihani wala makosa ya nidhamu: anapenda kuchora nini, anaishi na nani, anaogopa nini. Watundu watajaa alama. Majina yatakayobaki matupu, ukiyasoma kwa makini, mengi ni ya watoto watulivu, wale wanaosifiwa kila mkutano kwa adabu. Wema wao umewafanya wasionekane. Hao ndio wa kugawanywa kwanza, kila mmoja kwa mtu mzima aliye tayari kumfahamu.

Imani yenyewe katika umri huu hutikisika kwa sababu akili inakua. Kuanzia miaka 11 au 12 mtoto huanza kuweza kufikiria mambo yasiyoshikika: haki, umilele, "ingekuwaje kama". Aliyekuwa akisikiliza kisa cha gharika kwa furaha sasa anauliza watoto wachanga waliozama walikosa nini. Mwalimu anayejibu kwa ukali anadhani ameilinda dini, kumbe amemfundisha mtoto kwamba maswali hupelekwa kwingine. Kwingine huko siku hizi ni mfukoni, kwenye simu.

Sanduku la maswali husaidia, likiendeshwa vizuri. Karatasi ziwe za ukubwa mmoja na kalamu za rangi moja. Kila mtu aandike, asiye na swali aandike "sina swali leo" mara tatu, ili kalamu zote zisikike zikitembea kwa muda uleule. Mwalimu azichambue faraghani kwanza, kisha majibu yatolewe ndani ya wiki moja. Yakikaa mwezi, sanduku limekufa. Ruhusu "sijui" iwe jibu, ila "sijui" moja ifuatwe na "tumuulize nani?" Na usijaribu kutambua mwandiko kwa udadisi wako. Kuna hali moja tu inayovunja siri: karatasi inayoonyesha kwamba mtoto anaumizwa au anafikiria kujidhuru. Hilo wanafunzi waambiwe siku ya kwanza, kabla hawajaandika neno.

Mwaka 1967 mwanasaikolojia David Elkind alieleza kuhusu hadhira ya kufikirika: kijana wa umri huu huhisi kama kila jicho linamtazama muda wote. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini ushuhuda wa lazima jukwaani unaumiza. Mvulana amesimama kusoma andiko, sauti inavunjika katikati ya mstari, kicheko kinapita safu ya nyuma. Kwake yeye ni shule nzima iliyocheka, na itacheka mpaka amalize masomo. Kusoma na kushuhudia kuwe kwa hiari, awepo wa akiba anayeweza kupokea bila maelezo. Wito wa kunyoosha mikono ili kuokoka usihesabiwe kama mavuno, kwa kuwa mkono wa miaka 12 hufuata mkono wa rafiki. Na maombi ya pamoja yasimtaje mtoto pamoja na shida za nyumbani kwao. "Tumwombee fulani, wazazi wake wanatengana" ni umbea uliofumba macho.

Nidhamu. Adhabu ya kunakili aya mara 50 iondoke leo. Inaunganisha maandiko na maumivu ya kidole na hakuna kingine inachofundisha.

Uonevu unahitaji maelezo zaidi, kwa sababu hapa shule za dini hukosea kwa nia njema. Mwonevu na mwonewa wanaitwa pamoja, wanaambiwa Mungu anapenda wanaosamehe, wanapeana mikono, dakika tano, faili limefungwa. Aliyeonewa ametoka na mzigo mpya: sasa akilalamika tena yeye ndiye asiyesamehe. Wasikilizwe kila mmoja peke yake, tena aliyeonewa awe wa kwanza. Andika maneno yao kama walivyoyasema. Uliza mashahidi kabla ya mapumziko yanayofuata, maana baada ya hapo watakuwa wameshapanga hadithi. Aliyetenda kosa atengeneze alichoharibu: arudishe kitu, afute maneno ukutani, akae mbali na kona ile ya uwanja. Mfuatilie aliyeonewa baada ya siku mbili, na tena baada ya wiki mbili, uonevu ukishajifunza kujificha. Msamaha utakuja ukija, na ni mali ya mwenyewe kuutoa.

Kuhusu usalama hatutalegeza sauti. Heshima kwa kiongozi wa dini ni nzuri, na ndiyo pia pazia ambalo mtu mbaya hujificha nyuma yake. Kila anayefika kwa watoto achunguzwe rekodi yake, akiwemo mhubiri mgeni, mwalimu wa kwaya na yule mzee wa kujitolea ambaye kila mtu anampenda. Ushauri na maombi ya mtu mmoja vifanyike kwenye chumba chenye kioo mlangoni, mtu mwingine akijua vimeanza saa ngapi. Ujumbe wa simu wa faragha kati ya mtu mzima na mwanafunzi upigwe marufuku. Kuwe na kundi ambalo mzazi au mwalimu wa pili yumo. Mtoto akikueleza kwamba ameguswa au ameumizwa, msikilize bila kumkatiza, usimwahidi kwamba utaweka siri, usimhoji kama polisi, andika maneno yake yenyewe siku hiyohiyo, na taarifa iende kwa mamlaka ya nje inayohusika na ulinzi wa watoto. Kikao cha ndani cha wazee "kulitazama suala" ndicho kinachopoteza ushahidi na kumpa mhusika muda wa kujipanga.

Huduma kwa jamii, ambayo shule hizi huipenda, iwe ndogo na ya kurudia. Wanafunzi 4 hadi 6 wakienda mahali palepale kila wiki kwa wiki 6 au 8, watajua majina ya watu na watu watajua yao. Basi zima likienda mara moja na fulana mpya, kitakachobaki ni picha.

Na wazazi? Wengi wamelipa ada wakitarajia shule iwarudishie mtoto asiye na doa, kwa hiyo simu kutoka shuleni inawashtua na mtoto analipia mshtuko huo jioni. Ndani ya wiki tatu za kwanza, mlezi wa kikundi ampelekee kila mzazi sentensi mbili za jambo jema alilolishuhudia kwa macho yake. "Ana adabu" haihesabiki. Iwe kama hivi: "Jana mwenzake alipokosa kiti alimsogezea nusu ya benchi bila kuambiwa. Nilidhani ungependa kujua." Siku utakapopiga simu kwa jambo gumu, mzazi atakuwa anajua kwamba unamwona mtoto wake mzima mzima.