Maswali ya Wasomaji: Methili hii imetoka wapi?

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Nilitaka oktili benzoeti (esta ya asidi ya benzoiki). Nilichanganya miligramu 144 za sodiamu benzoeti (milimoli 1) na milimoli 1.2 za 1-klorooktani ndani ya gramu 2 za 1-butili-3-methilimidazoliamu kloraidi (chumvi inayoyeyuka kwa joto, ndiyo kiyeyushi changu), nikapasha kwa nyuzi 160 usiku kucha kwenye chupa iliyozibwa. GC-MS (mashine ya kutenganisha na kutambua kemikali) inaonyesha methili benzoeti nyingi na butili benzoeti kidogo. Sikuweka kitu chochote chenye methili (kundi la kaboni moja, CH3). Je, vyombo vyangu ni vichafu? Na je, naweza kuitumia hali hii kwa makusudi?
Mwanafunzi wa uzamili

JIBU: Methili uliiweka, ndugu: imo ndani ya kiyeyushi. Chumvi hiyo hutengenezwa kwa kuunganisha methilimidazoli na butili kloraidi, na kwenye joto kali mmenyuko huo hurudi nyuma. Kloraidi hushambulia kaboni iliyoshikwa na nitrojeni, klorimethani inatoka, kisha benzoeti inainyang'anya methili. Benzoeti yenyewe pia huweza kushambulia moja kwa moja. Methili hutangulia butili kwa kuwa kaboni yake haijazibwa na chochote. Tena piga hesabu: gramu 2 za chumvi yenye masi 174.7 ni milimoli 11.4, karibu mara kumi ya klorooktani yako. Mashindano hayakuwa ya haki.

Lakini kwanza hakikisha kosa liko kwenye chupa. Sehemu ya kudungia sampuli kwenye GC mara nyingi huwa na nyuzi 250 hivi, na chumvi ikifika humo itatengeneza esta hiyohiyo papo hapo. Changanya vitu vilevile bila kupasha, dunga. Methili benzoeti ikitokea, mashine ndiyo mpishi. Kwa hiyo kamua zao kwa heksani mara tatu na udunge heksani tu, kamwe usidunge kiyeyushi chenyewe. Ushahidi wa pili ni mabaki: butilimidazoli (chumvi iliyopoteza methili) ina masi 124, methilimidazoli (iliyopoteza butili) 82, na esta zinazoambatana nazo ni 136 na 178, mtawalia.

Dawa ni kupunguza joto. Badilisha klorooktani kwa 1-bromooktani (miligramu 232 ni milimoli 1.2), kausha chumvi vizuri, kisha pasha nyuzi 80 hadi 90 kwa saa chache ukifuatilia. Kubadilisha kloraidi kwa anioni (ioni yenye chaji hasi) isiyoshambulia kwa urahisi husaidia nusu tu, maana benzoeti bado imo na inajua kushambulia. Na usizibe chupa kwa joto lile tena: klorimethani huchemka kwa nyuzi −24, ina sumu, na shinikizo lake hupasua kioo.

Kwa makusudi? Inawezekana, ila kwa maoni yetu ni ufujaji: kationi (sehemu ya chumvi yenye chaji chanya) ya masi 139 inatoa methili ya 15, halafu unabaki kutenganisha imidazoli mbili na esta mbili. Ukihitaji esta ya methili kwa wingi, dimethili kaboneti ni nafuu zaidi. Kwa uchambuzi wa asidi za mafuta tu, ndipo chumvi za aina hii hung'ara: trimethilifenilamoniamu hidroksaidi, moli 0.2 kwa lita ya methanoli, huchanganywa na sampuli na kudungwa moja kwa moja, na joto lilelile la GC lililokusumbua linafanya kazi yote. Tarajia kilele kikubwa cha dimethilianilini, masi 121. Binamu yake, tetramethilamoniamu hidroksaidi, usiiguse bila glavu: mmumunyo wake mzito ukimwagika kwenye ngozi umewahi kuua watu.