Alveoli: za mapafuni au za kinywani?

Swali: Kwenye biolojia nimefundishwa kwamba alveoli ni vifuko vya hewa ndani ya mapafu. Kwenye isimu nakuta /t/, /d/ na /s/ zikiitwa konsonanti za alveola, yaani za ufizi. Mapafu na ufizi vimekutania wapi? Na umoja wa alveoli ni upi?

Jibu: Vimekutania kwenye umbo tu. Kwa Kilatini, alveus ni kitu chenye uwazi ndani: hori, beseni, mzinga wa nyuki, hata njia ambamo mto hupita. Alveolus ni udogo wake. Kilatini hudogosha mwishoni mwa neno, sisi hudogosha mwanzoni: mfuko, kifuko. Basi kila kishimo mwilini kilistahili kuitwa hivyo.

Kinywani, alveolus ni tundu la mfupa wa taya ambamo mzizi wa jino umekaa. Ukingo wenye matundu ya meno ya juu ndio ambao ulimi huugusa au kuukaribia utamkapo /t/, /d/, /n/, /s/, /z/, /l/ na /r/. Hapo ndipo wanaisimu walipolichukua jina. Kiswahili kimetazama nyama inayoufunika mfupa huo, kikasema ufizi. Mimi naliona neno letu kuwa aminifu zaidi, maana ulimi unagusa ufizi. Tundu lenyewe huligusi mpaka jino ling'oke.

Mapafuni, Mwitalia Marcello Malpighi alivieleza vifuko hivi mwaka 1661 kwa msaada wa hadubini. Kimoja kina upana wa takriban milimita 0.2, na mtu mzima anavyo mamia ya mamilioni. Oksijeni huingia kwenye damu kupitia kuta zake nyembamba, na kabonidayoksaidi hutoka humo humo.

Kuhusu umoja: Kilatini ni alveolus moja, alveoli nyingi. Anayesema "alveoli hii" hajafanya dhambi kubwa, kwani hata bakteria ni wingi huko lilikotoka, nasi twasema "bakteria mmoja" bila kusita. "Maalveoli" ndiyo siipendi; ni wingi juu ya wingi. Katika insha yako andika kifuko cha hewa, vifuko vya hewa, ukitaja alveoli mara moja mwanzoni. Kwenye isimu, konsonanti za ufizi inatosha.