Gitaa jeupe na sare mpya: namna ya kutoa rangi ya nguo iliyoshika kwenye gitaa

Anayepiga gitaa jeupe kwenye harusi za Tanga aiogope sare. Bendi ikipata shughuli kubwa, mashati hushonwa wiki ile ile, fundi huyakabidhi mchana, jioni yako jukwaani na hayajaona maji hata mara moja. Ukumbi umejaa, joto la kaskazi limekaba, jasho linateremka mpaka viwikoni. Wageni wakienda kula, geuza gitaa lako uliangalie. Ukingo wa juu, pale mkono wa kulia unapolalia, umeshika weusi wa shati. Mgongoni, usawa wa mkanda wa suruali, kuna buluu ya jinzi.

Nimeyasafisha ya kwangu na ya wenzangu, na neno langu kubwa ni hili: kabla hujashika dawa yoyote, jua kwanza gitaa limepakwa nini. Doa linalotoka kwa sabuni kwenye gitaa moja, kwenye jingine halitoki mpaka uondoke na rangi yenyewe.

Magitaa mengi ya bei ya kawaida siku hizi yamepakwa poliesta au poliurethani. Hilo ni tabaka gumu la plastiki, na rangi ya nguo mara nyingi hukaa juu yake tu. Wenye shida ni wenye laka ya nitroselulosi. Laka ni nyembamba, laini, na jasho na joto huifungulia mlango rangi ya nguo ikaingia ndani. Kampuni ya magitaa ya Gibson bado wanaitumia kwenye magitaa yao ya Marekani. Wenzao Fender walianza kuhamia poliesta mwishoni mwa miaka ya 1960; kabla ya hapo rangi zao nyingi za oda maalumu zilikuwa za magari, za kampuni ya DuPont. Kwa hiyo ukirithi gitaa la zamani kutoka kwa mzee wa dansi, na mji huu uliotoa bendi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz hauna uhaba wa wazee hao, lichukulie kuwa ni laka mpaka uthibitishe vinginevyo. Weupe uliogeuka umanjano gitaa zima si doa. Ni umri wa laka, uache.

Kuthibitisha si kazi. Fungua kibao cha nyuma kinachofunika springi. Kwenye ukingo uliokuwa umefichwa na kibao hicho, gusa kwa kijiti cha pamba chenye tone la asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha. Pakianza kunata, ni laka. Pasipobadilika kitu, ni plastiki. Baada ya hapo asetoni irudishe ilikotoka, kazi yake imekwisha.

Kijana mmoja anayepiga gitaa la ridhimu, kutoka mtaa wa Makorora, alikuja kwangu na gitaa la bendi yao, mkono wa pili ameshika chupa ya thina.

"Shikamoo kaka. Fundi wa rangi za magari kanipa hii, kasema inatoa kila kitu."

"Marahaba. Hajakudanganya. Itatoa kila kitu, mpaka rangi ya gitaa."

La kwake lilikuwa poliesta, bahati yake. Tulichukua maji ya vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo na kipande cha fulana kuukuu ya pamba. Kitambaa ukikamue mpaka kisidondoshe maji, kwa sababu maji yakiingia kwenye matundu ya skrubu na kwenye pikapu, zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi, utatafuta mengine. Futa kwa kuzunguka, taratibu, na ugeuze upande wa kitambaa kila kinaposhika rangi, la sivyo unalirudisha doa ulikolitoa. Shati lilikuwa jeusi, lakini kilichotoka kwenye fulana kilikuwa zambarau. Nguo nyeusi nyingi zimechanganywa rangi kadhaa, na si zote zinashika sawasawa. Nusu ya doa iliondoka hapo hapo.

Nusu iliyogoma tuliitolea kwa petroli ya viberiti vya kujaza, ile ya vikopo vidogo. Hiyo haidhuru poliesta wala laka iliyokauka vizuri, ila jaribu kwanza mahali pa kificho. Weka kidogo kwenye kitambaa, usimwagie gitaa. Dirisha wazi, sigara hapana, jiko la mkaa liwe mbali. Si petroli ya gari, tafadhali, ina mambo mengine ndani yake.

Ukungu wa mwisho huondolewa kwa polishi laini ya magitaa, ukisugua bila kukandamiza. Kama gitaa lako halina mng'aro, lile la mati, hatua hii iruke kabisa: ukisugua tu, panang'aa peke yake, na hiyo alama haifutiki.

Dawa ya meno inasifiwa sana vijiweni. Ina chembe za kukwangua, na huwezi kujua ni kali kiasi gani. Jiki usiifikirie hata kidogo, inakula vyuma. Spiriti inaweza kuitia laka ukungu mweupe, na kwenye magitaa ya zamani yaliyopakwa shelaki, vanishi ya kizamani, inaiyeyusha kabisa. Na wale wanaosema lianikwe juani kama kanga ili rangi ipauke, sijui kama wamewahi kuona shingo ya gitaa iliyopinda.

Kwenye laka, kama sabuni na petroli ya kiberiti vimeshindwa, acha. Rangi imeshaingia ndani, na kuifuata ni kula laka mpaka ufike kwenye mbao. Mimi lingekuwa langu ningelipiga hivyo hivyo.

Jinzi mpya ndiyo inayochuja kuliko zote kwa sababu indigo haizami mpaka kiini cha uzi wa pamba, inakaa juu juu. Hiyo hiyo ndiyo sababu ya kupauka magotini. Ikilowa jasho inazidi. Hapa mtumba unalishinda duka: umeshafuliwa na mwenzio huko ulikotoka, rangi ya kuondoka imeshaondoka. Nguo ya dukani au ya cherehani, ipime: lowesha kitambaa cheupe, sugua upande wa ndani wa nguo. Kikishika rangi, ifue peke yake na uisuuze mpaka maji yabaki meupe. Chumvi na siki ambazo mama zetu huzitumia hazitaizuia jinzi kuchuja. Kiongozi wa bendi mwambieni mapema sare ziwe tayari siku mbili tatu kabla, zipate kufuliwa. Atanung'unika, lakini gitaa si lake.

Jukwaani mimi huweka kikoi kikuukuu begani. Kati ya wimbo na wimbo nafuta mkono, halafu ukingo wa gitaa. Na shughuli ikiisha, mkanda wa gitaa, wa ngozi au wa plastiki, uvue kabla hujalifunga gitaa kwenye begi. Mkanda mwekundu uliolala juu ya gitaa jeupe ndani ya buti la gari, kutoka Tanga mpaka Muheza, unaacha alama kuliko shati lolote. Stendi za kusimamishia gitaa zenye mpira nazo huila laka polepole. Zifunge kitambaa cha pamba kisicho na rangi.