Maswali ya Wasomaji: Viraka, Uzi na Muda Mchache wa Nyumbani

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinauliza jinsi ya kushona blanketi la viraka katika nyumba yenye watoto, kazi zisizoisha na meza moja tu. Inawezekana, tena raha yake ni kubwa, mradi uchague kazi inayolingana na muda ulio nao.

Nina cherehani ya miguu na kitindamimba wa miaka minne. Nataka kumshonea blanketi la viraka. Ninunue kitambaa kiasi gani, na nianzie wapi?
*Mama wa watatu, Umoja*

Anza na miraba mitupu, mama. Nyota na pembetatu zisubiri, kwa sababu kitambaa kilichokatwa mshazari huvutika ukikigusa tu, na hapo ndipo wengi wanaoanza hukata tamaa.

Kata miraba ya inchi 5 kwa 5. Mshono hula robo inchi kila upande, hivyo mraba ulioshonwa hubaki inchi 4 na nusu. Miraba 8 kwa upana na 10 kwa urefu, yaani 80, itakupa blanketi la inchi 36 kwa 45. Nusu yadi ya kitenge cha upana wa inchi 45, hata ikirudi kidogo baada ya kufuliwa, hutoa miraba 24. Nusu yadi ya aina nne basi inatosha na kubakisha. Kama muuzaji hakati kipande kidogo hivyo, gawaneni na jirani, au kabla ya kushika njia ya Biashara Street, mtaa wa maduka ya vitambaa jijini Nairobi, waulize mafundi wa mtaani kwenu mabaki yao wanayapeleka wapi. Chukua pamba tupu. Ukitilia shaka, chomoa nyuzi chache uzichome juu ya sinki: pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu.

Kinachoharibu kazi nyingi ni upana wa mshono. Ukizidisha kwa moja ya kumi na sita ya inchi tu, kila mshono unakula moja ya nane zaidi, na mishono 7 ya safu moja inakuibia karibu inchi nzima. Safu zako hazitalingana, nawe utadhani ulikata vibaya. Bandika utepe wa gundi kwenye bamba la cherehani, robo inchi kutoka kwenye sindano, kitambaa kipite kando yake. Kisha jaribu: unga vipande vitatu vya upana wa inchi 2. Cha katikati kikipimwa na kikawa inchi 1 na nusu kamili, endelea. Kisipofika, sogeza utepe.

Shona safu moja moja, ndipo uunganishe safu. Pasi ibonyezwe, isiburutwe, maana kuburuta hupinda mraba. Mishono ya safu ya kwanza ilaze kulia, ya pili kushoto, na kuendelea hivyo. Safu zikikutana, mishono itafumbana na pembe zitakaa sawa bila kutumia pini nyingi.

Kwa nyuma, leso moja inafaa sana. Kwa kawaida ina kama sentimita 150 kwa 110, hivyo inazidi blanketi hili pande zote bila kiungo, na jina lake litasomeka upande wa pili. Katikati weka blanketi jepesi la mtumba, la fliisi isiyo na manyoya marefu. Tandika leso sakafuni uso ukiangalia chini, ibandike kwa utepe iwe imenyooka bila kuvutwa kwa nguvu, weka fliisi, kisha viraka juu. Piga bandi kwa mishono mirefu kuanzia katikati kwenda nje, mistari ikiachana upana wa kiganja. Ukianzia pembeni, makunyanzi yote yatakimbilia katikati na hutakuwa na pa kuyapeleka.

Kwa blanketi la kwanza tunapendelea kufunga mafundo kuliko kushona mistari kwa cherehani. Kila penye pembe nne za miraba, choma sindano yenye uzi wa kutarizi hadi chini, irudishe juu umbali wa punje ya mchele, funga kulia juu ya kushoto kisha kushoto juu ya kulia, na uache mikia ya sentimita 2. Ukifunga kwa upande ule ule mara mbili, fundo litateleza. Mafundo yote ni 63. Ukifunga kumi kila jioni watoto wakiwa kwenye masomo, wiki moja inatosha.

Mwisho ni pindo. Kata tepe 5 za upana wa inchi 2 na nusu, kila moja ikivuka upana wote wa kitenge, ziunge kwa mshazari ili unene usijikusanye mahali pamoja, zikunje katikati kwa urefu, shona upande wa mbele, geuza nyuma na umalizie kwa mkono. Ukikaribia pembe, simama robo inchi kabla ya mwisho, kata uzi, kunja tepe juu kisha chini, ndipo uanze upande mpya. Ukipita bila kusimama, pembe itakuwa ya mviringo na yenye uvimbe.

Mtoto wa kaka yangu amezaliwa juzi. Naweza kumshonea la namna hiyo alalie?
*Shangazi, Kasarani*

Mshonee, lakini si la kulalia kwa sasa. Wataalamu wa afya ya watoto wanashauri kitanda cha mtoto ambaye hajatimiza mwaka kisiwe na blanketi lililolegea, kwa sababu linaweza kumfunika pua. Litandikeni sakafuni achezee juu yake mkiwa mnamwangalia.

Nimebaki na mashati saba ya marehemu baba. Sitaki kuyagawa, na kuyaona kabatini kunaniumiza. Yanaweza kuwa blanketi?
*Binti, Buruburu*

Pole sana, dada. Yanaweza, na uko katika njia iliyopitwa na wengine. Kule Gee's Bend, Alabama, nchini Marekani, wanawake wameshona mablanketi ya nguo kuukuu za shambani kwa vizazi. Mmoja wao, Missouri Pettway, alishona lake mwaka wa 1942 kwa nguo za kazi za mumewe aliyefariki, ili ajifunike kwa kumbukumbu yake. Madoa na sehemu zilizochakaa aliziacha zionekane. Nawe usihangaike rangi zikikosa kulingana.

Fua mashati yote bila kuyalainisha kwa dawa. Kata kando ya mishono, uitupe mishono yenyewe: mgongo ndio kipande kikubwa, kisha pande mbili za mbele, kisha mikono. Inua kila kipande dirishani. Mahali panapopitisha mwanga kuliko pengine, mara nyingi kwenye viwiko na mabega, patachanika mapema. Pabandikie kwa pasi kile kitambaa chepesi cha gundi ambacho mafundi huweka ndani ya kola, au usipatumie kabisa. Kitambaa cha shati ni chembamba, kwa hiyo sindano ya namba 80/12 inafaa. Kubwa zaidi huacha matundu.

Mfuko wa kifuani usiubandue. Kata mraba mkubwa kuuzunguka, hata wa inchi 9 na nusu, ambao ukishonwa utachukua nafasi ya miraba minne ya inchi 5. Watoto wako watatia vidole humo, na watauliza habari za babu yao. Safu ya vifungo nayo inapendeza, ila mshono usikipitie kifungo, sindano itavunjika.

Tunakuomba jambo moja: kabla ya kukata, chagua shati moja ulihifadhi zima.

Leso nyekundu ilitoa rangi ikachafua viraka vyeupe. Niliambiwa niloweke kwa chumvi. Nilikosea wapi?
*Msomaji, Eastleigh*

Chumvi na siki haziifungi rangi kwenye kitambaa ambacho kimekwisha kutiwa rangi kiwandani. Dawa ni kukifua peke yake kabla ya kukata, mara nyingi iwezekanavyo, hadi maji yatoke meupe. Kisha bonyeza kitambaa cheupe chenye unyevu juu yake kwa pasi ya moto. Kikipata rangi, rudia. Leso ambayo haiachi kutoa rangi ishonee mfuko wa sokoni.

Kwa viraka vilivyochafuka tayari, usivikaushe wala kuvipiga pasi, joto huikaza rangi. Viloweke mara moja kwenye maji mengi ya uvuguvugu yenye sabuni, ukiyabadilisha kila yanapogeuka rangi.

Meza yetu ni ya kulia chakula. Nikitandaza kazi, saa moja jioni naikusanya, na nikiirudia vipande vimechanganyika. Nimechoka.
*Mama, Kayole*

Acha cherehani kwa muda, ushike kazi inayoingia kwenye kopo la biskuti. Kata pembesita za karatasi ya manila zenye upande wa inchi 1. Zote zitoke kwenye kielelezo kimoja, usikate ya pili kwa kufuatisha ya kwanza na ya tatu kwa kufuatisha ya pili, maana kosa hukua. Weka karatasi juu ya kitambaa kilichozidi robo inchi pande zote, kunja kingo na uzishikize kwa bandi. Saba zikiungana, moja katikati na sita pembeni, unapata ua. Uziunge kwa mishono midogo ya juu juu, ikishika nyuzi mbili tatu tu za kitambaa bila kuitoboa karatasi. Karatasi itoe pembesita ikishazungukwa pande zote, si mapema.

Ua moja linamalizika kwa vipindi vifupi: ukisubiri foleni ya kliniki, maharagwe yakichemka, umeme ukiwa umepotea na kuna mwanga wa dirisha. Ndani ya matatu inayotikisika usishone, tafadhali. Na hesabu sindano kabla ya kufunga kopo, kila mara; nyumba yenye mtoto anayetambaa haina nafasi ya sindano iliyopotea.

Binti yangu wa miaka sita anataka kushona na mimi ni baba nisiyejua hata kutia kifungo. Tuanze na nini?
*Baba, Rongai*

Gunia kuukuu la mkonge, ndugu yetu, pamoja na sindano kubwa butu na uzi wa sufu. Matundu ya gunia yanaonekana, kwa hiyo mtoto anapita juu na chini bila kuumia. Bana gunia kwenye fremu ya kutarizia ili lisijikunje, na uzi usizidi urefu wa mkono wake. Ukiwa mrefu unajisokota na raha inaisha.

Baadaye shoneni maua ya duara. Kata duara la kitenge la sentimita 12 kwa kufuatisha ukingo wa bakuli dogo, kunja ukingo kidogo, mpitishie binti mishono mirefu, naye avute uzi. Linajikusanya na kuwa ua la karibu sentimita 5 na nusu. Mishono mirefu ndiyo inayofunga tundu la katikati vizuri. Midogo huliacha wazi. Lishonwe kwenye kibanio cha nywele, na siku hiyo hiyo atakivaa.

Cherehani inafanya rundo la nyuzi chini ya kitambaa. Nimebadilisha bobini mara nyingi.
*Msomaji, Githurai*

Rundo likiwa chini, kosa karibu daima liko juu. Uzi wa juu haujaingia kati ya visahani vya kukazia. Inua kwanza mguu wa cherehani, ule unaobana kitambaa, ndipo uutie uzi upya, kwa sababu mguu ukiwa chini visahani vimebana. Angalia pia sindano: upande wake bapa ukae kinyume na unakoingizia uzi. Unapoanza mshono, shika mikia yote miwili kwa mishono mitatu ya kwanza.