Unahamisha pikipiki kwa tela? Anza na shokapu

Msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nataka kupeleka pikipiki yangu Iringa kutoka Dar, naifungaje kwenye tela?" Kaniuliza wakati mzuri. Juzi tu nimeshusha pikipiki mbili aina ya Boxer Ipogolo, pale Iringa, mwenye nazo akazizunguka kutafuta mkwaruzo. Akakosa. Na alitafuta kweli.

Ila nina la moyoni. Zamani niliwapa watu pikipiki yangu waisafirishe, nikalipa bila kuomba kupunguziwa. Ilifika mkono wa klachi umevunjika, tenki limebonyea, siti inanuka petroli. Jibu lao: "Barabara mbaya, bosi." Barabara hiyo hiyo naipita mimi! Walikuwa wameisimamisha kwa stendi ya pembeni, wakapitisha kamba ya manila juu ya siti, basi. Sikulipwa hata huo mkono wa klachi. Mpaka leo nikipishana na gari lao natazama pembeni.

Tangu hapo nafunga mwenyewe.

Siri iko kwenye shokapu za mbele. Ukizibonyeza kwa mikanda, zenyewe zinasukuma kurudi juu muda wote, na msukumo huo ndio unaoiweka mikanda imekaza. Ukifunga shokapu zikiwa zimesimama, tuta la kwanza zinabonyea, mkanda unalegea, ndoano inachomoka. Sasa fikiria matuta ya Mikumi, pale barabara inapokatiza hifadhi kwa kilomita kama 50.

Kwa hiyo tairi la mbele ligote kwenye kizuizi cha tela. Chukua mikanda miwili ya racheti, ile yenye kifaa cha kukazia, ishike pale chini ya usukani, kwenye chuma kinachounganisha shokapu, kisha iteremke kwa mbele, mmoja kushoto, mwingine kulia. Usishike ncha za usukani wala mpira wa breki. Kaza kidogo huku, kidogo kule, pikipiki ibaki wima, mpaka shokapu ziingie karibu nusu. Ukizibana hadi mwisho, sili, yaani mipira inayozuia mafuta ya shokapu, zitavujisha. Nyuma mikanda miwili mingine kwenye chasisi, mbali na eksozi yenye moto. Stendi juu, gia namba moja, koki ya petroli imefungwa.

Uzito ukae mbele kidogo ya ekseli. Tela iliyolemewa nyuma huyumba, na ukiongeza mwendo inayumbisha na gari lenyewe.

Ukishatembea kilomita chache, simama ukaze tena. Kaza tena kabla ya kupanda mlima Kitonga, maana pale mzigo wote unavutwa nyuma na mikanda ya mbele ndiyo inayobeba kazi.

Vijana wenzangu, mtu anakopa pikipiki, analipa marejesho kila wiki, halafu anabania hela ya mikanda minne! Anafungia mipira ya tairi bovu, anasema Mungu yupo. Yupo, ndugu yangu, na akili kakupa. Kaza shokapu. Narudia: kaza shokapu.

Mkanda unaobaki mrefu uviringe na uufunge. Ukiuacha, upepo utaupigisha kwenye tenki njia nzima, na ukifika utakuta rangi imelika hadi bati.