Maswali ya Wasomaji: Tangi la samaki juu ya sakafu ya mbao

SWALI: Nina tangi la samaki la kioo, urefu sentimita 120, upana 50 na kimo 50. Nataka kuliweka ghorofani, katika nyumba ya zamani yenye sakafu ya mbao juu ya boriti. Fundi vioo ananiambia nisihofu, kwa kuwa chumba kilishakaliwa na watu kumi na sakafu haikutikisika. Ni kweli? (Msomaji, Mikindani)

JIBU: Hesabu ya watu kumi inapotosha. Watu hutawanyika chumbani, kisha huondoka. Tangi halitoki, na mbao inayobeba mzigo usiotoka huendelea kupinda kidogo kidogo kwa miezi, hata kama siku ya kwanza haikuonyesha dalili.

Likijazwa hadi sentimita 45, pamoja na vioo vya milimita 10, mchanga wa sentimita 5 na meza ya mbao ngumu, uzito wake utafika karibu kilo 400. Eneo lake ni mita ya mraba 0.6 tu, ilhali sakafu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kilo 150 hadi 200 kwa mita moja ya mraba. Si kwamba itaanguka, maana boriti husaidiana. Kinachoamua ni mahali utakapoliweka.

Tazama mistari ya misumari sakafuni: inafuata boriti. Upande mrefu wa tangi uzikate boriti, usilale sambamba nazo. Zikiachana sentimita 40, utapata tatu za kubeba badala ya moja au mbili. Kisha lisogeze kwenye ukuta unaoshika ncha za boriti. Kwa boriti ya mita 4, mzigo ulio sentimita 30 kutoka ukutani huipinda kwa chini kidogo ya robo ya vile ambavyo ungeipinda ukiwa katikati ya chumba.

Tatizo la nyumba kongwe za Mikindani na Lindi ni hizo ncha zenyewe. Zimezama kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, hunyonya unyevu, huoza, na mchwa huzila huku sehemu inayoonekana ikiwa safi. Choma kwa bisibisi nyembamba pale boriti inapoingia ukutani. Ikizama kirahisi, au boriti ikigongwa inalia kama kitu kitupu, tangi lisubiri matengenezo. Plaiwudi ya milimita 18 chini ya meza hutawanya uzito wa miguu ili mbao za sakafu zisibonyee. Boriti haiziongezei nguvu yoyote, hata muuzaji aseme nini.

Kama chumba cha chini ni chako, pitisha mhimili wa mkongo au mninga chini ya boriti hizo, juu ya nguzo mbili. Kila nguzo ikae kwenye kitako cha zege cha sentimita 40 kwa 40, kilichoinuka sentimita 10 juu ya ardhi, ili mchwa wakipanda uwaone. Kaza kwa kabari mpaka mhimili uguse tu. Ukiinyanyua sakafu, lipu ya chokaa itapasuka.

Sawazisha meza kwa pimamaji, ukiweka vipande chini ya miguu yake, kamwe si chini ya kioo. Jaza theluthi, subiri siku moja, pima tena, ndipo uongeze. Kabla ya kujaza, funga uzi ulionyooka chini ya boriti. Boriti ikishuka zaidi ya milimita 5, toa maji siku hiyohiyo na uite fundi seremala, si fundi vioo.