Wanakikundi wanachelewa na kukwepa marejesho: anzeni na utaratibu

Dada, umeuliza mfanyeje na wenzenu wa kikundi cha kuweka na kukopa wanaochelewa vikao na kukwepa marejesho ya mikopo. Msiwasimange kwanza. Umesema mhazini hupokea pesa kwa simu katikati ya wiki. Tatizo liko hapo, maana asiyelipa haonekani na yeyote.

Mtindo wa vikundi vya hisa ulioanzia Niger mwaka 1991 huziba tundu hilo. Sanduku lina kufuli 3, funguo wanazo watu watatu tofauti, na sanduku lenyewe linakaa kwa mtu wa nne. Kila mwanachama ana namba na kiti chake kilekile. Akiitwa, ananunua hisa 1 hadi 5 mbele ya wote, na wahesabu wawili wanataja kiasi kwa sauti. Mkopo usizidi mara 3 ya hisa zake.

Faini iwe ndogo na ilipwe papo hapo, hata na mwenyekiti. Mkimsamehe yeye mara moja, kanuni imekufa. Wala msiipandishe kwa hasira: anayedaiwa faini nyingi huacha kuja kabisa, na mkopo wake unapotea naye. Kabla ya kufunga, wote wakariri salio la sanduku, waulizwe tena kikao kijacho.